Tusi la Kukodi

Kajiru Msuya alikuwa na dharau za aina nyingi, na alizitunza kama mkulima atunzavyo mbegu, kila moja na chungu chake. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya Daktari Blandina Komba, kwa sababu daktari yule aliita ubongo wa mtu mzima udongo mbichi.

"Zamani walidhani ukishakua, ubongo umekauka kama tofali," daktari alikuwa akisema asubuhi hiyo, huku akimvalisha kofia ya nyaya. "Kumbe bado ni udongo mbichi, mzee wangu. Homoni ni maji. Ukibadilisha maji, udongo unafuata."

"Na wewe ndiye mfinyanzi."

"Mimi ni fundi tu."

"Afadhali. Maana nafasi ya Mfinyanzi ina mwenyewe, na hajaitangaza kuwa wazi."

Daktari alicheka kwa adabu. Alikuwa mwanamke mwema, na hilo ndilo lililomkera Kajiru zaidi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukamaliza. Mtu mwema anayekosea ni lazima umdharau kila siku upya, na hiyo ni kazi.

Kliniki ilikuwa juu kabisa ya jengo la Baraza, na dirishani zilionekana nyavu za ukungu zimetandazwa mgongoni mwa mlima mzima. Tangu mvua zilipoacha kuja, mji wa Shengena Mpya ulikunywa kile ambacho nyavu zilikamua kutoka mawinguni. Maji yaliteremka hadi kwenye ndiva, yale mabwawa waliyochimba mababu wa Kipare, ambayo sasa yalikuwa yameezekwa kwa vioo ili jua lisiyaibe. Mwenye ufunguo wa ndiva alishika koo za watu. Kwa hiyo ikapitishwa sheria kwamba asikae mtu katika Baraza la Ndiva kabla hajasawazishwa.

Kusawazishwa kulikuwa hivi. Mwanamume alipewa estrojeni pamoja na dawa ya kuizima testosteroni yake. Mwanamke alipewa testosteroni. Waliendelea hivyo hadi picha za mashine zioneshe kwamba bongo zao zimesogeleana na kukutana katikati. Wataalamu waliamini kwamba huko katikati ndiko inakokaa haki. Kajiru alikuwa ameishi miaka mingi na hajawahi kukutana na mtu anayekaa huko, ila alikubali dawa, kwa sababu alikitaka kiti.

"Tazama," daktari alisema, akiwasha picha mbili ukutani. "Huu ni ubongo wako kabla ya dawa. Huu ni wa sasa. Umepungua kidogo, na hivi vyumba vya maji hapa ndani vimepanuka. Hapa chini, panapotawala njaa na usingizi na tamaa, pamepungua zaidi. Picha hizi nitawaonesha Baraza leo."

"Yaani mlinipunguza ubongo, kisha mkanipa kiti cha hakimu."

"Ubongo mkubwa si lazima uwe mwerevu, mzee wangu. Hata mdogo—"

"Sijabisha. Nimekaa na lile Baraza, nimewaona wenzangu."

Lakini siku hiyo Kajiru hakuwa anakwenda kukaa kwenye kiti chake. Alikuwa anakwenda kuwa ushahidi. Mwanawe Mbazi, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amemvunja taya mlinzi wa lango aliyemfungia maji kabla zamu yake haijaisha. Mwendesha mashtaka hakuomba jela. Aliomba Mbazi apewe dawa, atake asitake, apewe maisha yake yote. Sheria ya mji ilisema kichwa cha mtu hakiguswi bila ridhaa yake, isipokuwa ikithibitika kwamba dawa inaondoa ghadhabu. Na kati ya wote waliowahi kupimwa ghadhabu yao baada ya dawa, hakuna aliyefaulu kama Kajiru. Alitukanwa matusi yasiyoandikika, na mstari wa ghadhabu kwenye mashine ukalala kama maji ya ndiva.

Baba akionekana mpole leo, mwana atapigwa sindano. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Aikaeli Temu akiwa amevaa koti la harusi.

"Bado yu hai?" Temu aliuliza. "Mimi nilishaagiza jeneza. Nikaambiwa la Mpare linatengenezwa fupi, kwa kuwa huwa anakunjwa ili kubana matumizi."

"Wewe la kwako utaliuza njiani kabla hatujafika makaburini," Kajiru alisema.

"Nikipata bei nzuri, kwa nini nisiuze? Nitazikwa na blanketi."

Mstari kwenye mashine haukutikisika. Daktari Blandina aliutazama kwa mapenzi, kama mama anayetazama mtoto aliyelala.

Hapo ndipo palipokuwa na upumbavu wote, na Kajiru alikuwa ameujua tangu siku ya kwanza. Kipimo cha ghadhabu kilihitaji mtu wa kumtukana mzee. Daktari alimtafuta mji mzima. Wauguzi walikataa, wakasema wana wazazi. Vijana walioahidiwa ujira walifika mlangoni, wakamwona mwalimu wao wa shule ya msingi, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Nani atamtukana mzee aliyemfundisha kusoma? Mwisho akatokea Temu, fundi wa nyavu, Mchaga, akasema, "Huyu mimi nitamtukana bure. Mkinilipa, nitamtukana vizuri." Daktari akashukuru, akamwajiri. Na wale wazee wengine wa Baraza, Wapare watupu, nao wakatukanwa na Temu huyohuyo, wakacheka hadi wakashika mbavu. Ikaandikwa kwamba dawa imewaondolea ghadhabu.

Daktari alitoka Songea, na kwao utani wa makabila upo, kama huu wa Mpare na Mchaga. Lakini alikuwa amesoma mno. Hakufikiri kwamba kitu alichokiona kwenye misiba ya kwao kinaweza kuingia kwenye mashine yake bila kubisha hodi.

Kajiru angeweza kumwambia. Alinyamaza kwa sababu utani hauelezwi. Ukishamweleza mtu kwa nini hujakasirika, umeuua. Zaidi ya hayo, kumwona mtaalamu mzima akipima kicheko na kukiita tiba kulimfurahisha. Kilikuwa kichekesho chake cha siri, hadi kilipogeuka kuwa kitanzi cha mwanawe.

*

Walimweka Mbazi kwenye chumba kidogo kando ya ukumbi, na askari aliyekuwa mlangoni aliwaruhusu waongee. Kajiru aliingia na kofia yake ya nyaya kichwani, nyaya zikimning'inia mgongoni kama mkia.

Mbazi aliitazama kofia.

"Wamekuvisha na hilo likofia."

"Ni la kupima."

"Najua ni la kupima, baba. Leo mimi nahukumiwa kwa kichwa chako."

Kajiru aliketi. Mwanawe alikuwa na mikono mikubwa ya mama yake, na aliiweka juu ya magoti kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Huyo mlinzi anakula?" Kajiru aliuliza.

"Anakunywa uji kwa mrija. Nimemwomba radhi. Nimesema nitachimba mfereji wake na wa ndugu zake mpaka wachoke kuniona. Hawataki mfereji. Wanataka wanifanye wewe."

"Nina ubaya gani mimi?"

Mbazi alimwangalia baba yake uso, ambao ulikuwa umelainika ngozi, na kifua chake, ambacho siku hizi Kajiru alikificha kwa makoti mapana.

"Mke wangu ataamka asubuhi na nani?" alisema. "Hilo tu. Wewe ulitaka. Ulipiga magoti ukaomba kiti, ukapewa na dawa yake. Mimi sijaomba kitu. Hiki kichwa nilipewa na Mungu na hasira zake ndani, na hizo hasira ni mimi ninayepaswa kuzifunga kamba. Wakizinyoa, nitamjibu Mungu kwa kipi? Nitasema sikugombana kwa kuwa nilikuwa nimehasiwa?"

"Maneno mazuri. Ungeyasema kabla hujafika kwenye taya la mtu."

"Haya, cheka. Lakini waambie ukweli. Waambie unacheka kwa sababu ni Temu. Mji mzima unajua kwamba ni Temu."

"Mji mzima unajua na mji mzima umenyamaza."

"Mimi nimesema. Mwendesha mashtaka akasema mshtakiwa anajitetea. Wewe wakikusikia, wataamini."

Kajiru alitazama vidole vyake. Alijua kitakachofuata. Baraza ndilo lililolipia dawa, nalo lililipia kwa sababu moja tu, kwamba inaondoa ghadhabu. Siku itakapoonekana haiondoi, kliniki itafungwa kabla jua halijazama.

"Mbona huniambii ndiyo?" Mbazi aliuliza. Kisha akakaa wima taratibu. "Unaitaka ile dawa."

"Mbazi."

"Unaipenda. Mungu wangu, baba. Si kiti. Ni dawa yenyewe unayoipenda."

Alilisema kama mtu aliyefunua sufuria na kukuta panya. Kajiru, ambaye maisha yake yote alikuwa mtoaji wa dharau na si mpokeaji, alianza kufunga vifungo vya koti lake. Askari aligonga mlango.

Nje ya ukumbi palikuwa na kibaraza kinachotazama bonde. Kajiru alisimama hapo, akashika reli kwa mikono miwili, akaomba kama alivyozoea, kwa sauti ya chini na macho wazi, kwa maana hakupenda watu wanaofumba macho ili waonekane.

"Bwana, unajua kwamba alipokufa mke wangu Nakunda sikulia. Nilisimama pale kama nguzo ya uzio. Watu wakasema mwalimu ana imani kubwa. Wewe unajua haikuwa imani. Palikuwa pamekauka. Kisha hawa wapumbavu wakanipa dawa yao, na siku moja nikiwa nachambua maharage nikakumbuka alivyokuwa akiyapuliza makapi, nikalia mpaka maharage yakalowa. Nilikuwa nimempata. Miaka yote ile nilikuwa nimempoteza, nikampata kwenye ungo. Sasa niambie, yule aliyekauka ndiye mimi uliyemuumba, au huyu anayelia? Nikisema kweli, nitarudi kukauka. Nikinyamaza, mwanangu atachukuliwa kichwa. Najua jibu. Sikuombi jibu. Nakuomba nisilikimbie."

Alingoja kidogo, kama mtu aliyegonga mlango. Kisha akaingia ndani.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Mama Nakijwa Mshana, alikuwa na sauti nene kama ya mhubiri. Haikuwa hivyo zamani. Testosteroni ilikuwa imeishusha, na isingepanda tena hata akiacha dawa leo. Kajiru alimkumbuka alipokuwa akiimba soprano kanisani, na alimdharau kwa kuikubali biashara ile, ila leo alijiuliza kama naye kuna kitu alichokipata ndani ya ile sauti nene, kitu asichotaka kukirudisha.

Ukumbi ulijaa. Mlinzi aliyevunjwa taya alikaa mbele, uso umefungwa bandeji. Mbazi alisimama kizimbani. Daktari Blandina aliunganisha nyaya za Kajiru na skrini kubwa, na mstari wa ghadhabu ukajitokeza ukutani, wa kijani, ukitembea polepole.

"Mstari huu hausomi uso wala sauti," daktari aliwaeleza watu. "Unasoma sehemu za ndani ya ubongo zinazowaka mtu anapokasirika. Ubongo una vipokezi vya homoni hizi kila mahali, kama nyumba yenye milango mingi. Dawa inapoingia kwa muda mrefu, hata kwa mtu mzima kabisa, nyumba inapangwa upya. Mstari ukibaki chini, mtu ametulia. Ukifika hapa, penye wekundu, mtu yuko tayari kupiga. Mshtakiwa tulimpima juzi bila dawa. Tulimkanyaga mguu tu, ukafika."

Watu walicheka. Mbazi hakucheka.

"Bwana Temu," alisema Mama Nakijwa, "fanya kazi yako."

Temu alisogea mbele na koti lake la harusi, akainama kwa Baraza, akamgeukia Kajiru.

"Waheshimiwa, huyu mnayemwona hapa aliwahi kushtaki mbuzi. Mbuzi wa jirani alikula mchicha wake, akamfungulia kesi. Kesi ikamalizika mbuzi akiwa ameshakufa kwa uzee, na bado akakata rufaa."

Ukumbi uliangua kicheko. Kajiru naye alicheka, na mstari ukatembea zake chini kabisa.

"Chumvi kwao wanalamba kwa zamu," Temu aliendelea. "Mgeni akija wanamwonesha tu mahali ilipo. Na hii sura. Mama yake alipomzaa alimwuliza mkunga kama kuna mwingine ndani. Na sasa wamempunguza ubongo, ambao haukuwa na cha kupunguzwa. Wameukuta umekaa pembeni unaogopa giza."

Kicheko kilikuwa kikubwa hata mlinzi mwenye bandeji akajishika taya kwa maumivu. Temu alingoja kiishe. Kisha alisema tusi la mwisho, lile ambalo daktari mwenyewe alikuwa amelichagua kuwa kipimo kikubwa, kwa sababu lilimgusa marehemu.

"Na mkeo Nakunda hakufa kwa ugonjwa. Alikufa makusudi, apate mahali pa kupumzika na kelele zako."

Kajiru alicheka. Alicheka kwa sababu alimkumbuka Temu siku ile ya mazishi, amelala chali ndani ya kaburi tupu, anakataa kutoka mpaka apewe chai na blanketi la marehemu, anadai Nakunda alimwahidi mwenyewe. Na watu wanacheka huku wakipenga kamasi, na jeneza linangoja. Hakuna aliyempenda Nakunda kwa uwazi kuliko mtu yule. Mstari haukusogea.

Mama Nakijwa aliwaangalia wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. Mwendesha mashtaka alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake.

"Baraza limeona," mwenyekiti alisema. "Mwalimu, una la kuongeza?"

Kajiru alisimama. Nyaya zilimvuta shingo.

"Naomba nitukanwe tena. Maneno yaleyale ya mwisho. Lakini ayaseme daktari."

Wazee wa Baraza, mmoja baada ya mwingine, walianza kutazama meza. Kajiru aliwaona, na alijua kwamba walijua, na dharau ikampanda kooni kama kiungulia.

"Mimi?" Daktari Blandina aliuliza. "Hapana. Siwezi kumwambia mzee wangu maneno kama yale."

"Kwa nini? Yule ameyasema na hamkumfunga."

"Yule ni..." Daktari alimtazama Temu, na kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri. "Yule tumemwajiri."

"Maneno ni yaleyale, daktari. Dawa ni ileile. Kichwa ni hiki. Kama dawa yako imeondoa ghadhabu, utaogopa nini?"

Mwendesha mashtaka alipinga. Mama Nakijwa aligusagusa koo lake. Hatimaye alisema kwa ile sauti yake nene, "Daktari, sema."

Daktari alikuja mbele ya Kajiru. Alipiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri anapomsalimia mkubwa.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Naomba unisamehe." Kisha akainua uso na kulisema, wazi, kwa Kiswahili safi cha mtu wa kliniki: "Mke wako Nakunda hakufa kwa ugonjwa. Alikufa makusudi, apate mahali pa kupumzika na kelele zako."

Kajiru alikuwa amejiambia kwamba angeigiza hasira. Hakuhitaji. Maneno yalitoka kinywani mwa mtu asiye na haki nayo, na yakawa kweli. Kweli alikuwa mtu wa kelele. Kweli Nakunda alichoka. Damu ilimjaa masikioni, na aliona shingo ya daktari, jinsi ilivyokuwa nyembamba na karibu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshainuka kabla hajauita. Temu aliudaka.

"Mtani," Temu alisema taratibu. "Mtani, tulia."

Ukutani, mstari ulikuwa umepita wekundu na kugonga juu ya skrini. Mashine ikaanza kulia kwa mlio mwembamba, na hakuna aliyejua namna ya kuuzima ila daktari, na daktari alikuwa bado amepiga goti.

Kajiru alikuwa analia. Hakujificha. Machozi yalimshuka mpaka kwenye koti pana.

"Lakini analia," mwendesha mashtaka alisema. "Baraza lione. Mwanamume asiye na dawa asingelia. Dawa imefanya kazi."

"Imefanya kazi," Kajiru alisema, mkono wake ungali ndani ya ngumi ya Temu. "Nani alikwambia haifanyi? Imenipa usingizi. Imenipunguzia tamaa. Imenirudishia mke wangu niliyekuwa nimemzika bila kumwaga chozi. Ninaipenda kama mtoto anavyopenda ziwa la mama, na mwanangu ananidharau kwa hilo, na ana haki. Lakini ghadhabu haikuigusa. Ipo palepale, mmeiona. Ningemuua huyu binti wa watu. Siku zote hizi sikukasirika kwa sababu mlimleta mtani wangu kunitukana. Mtani hanitukani. Ninyi waheshimiwa mlijua. Mlikaa hapo mnacheka, mkatia saini, kwa kuwa ilikuwa tamu kuambiwa mna vichwa vya haki. Na mimi nilikaa katikati yenu. Ila mwanangu hakuomba kukaa na sisi."

Mlio ulikatika. Daktari alikuwa amechomoa waya.

Baraza lilinong'onezana. Halikuchukua muda, kwa sababu aibu haina maneno mengi. Mama Nakijwa alisoma uamuzi huku akitazama mahali fulani juu ya vichwa vya watu. Haikuthibitika kwamba dawa inaondoa ghadhabu. Kichwa cha mshtakiwa hakitaguswa bila ridhaa yake. Atamchimbia mlinzi na ndugu zake mifereji mpaka Baraza liseme basi. Malipo ya kliniki yanasitishwa kuanzia jioni hiyo.

"Sheria inanitaka nikuulize," alimwambia Mbazi. "Mtu akiitaka dawa hii mwenyewe, anaruhusiwa. Je, wewe utaitaka kwa hiari?"

Mbazi alimtazama baba yake, na uso wake wenye maji, na kofia iliyoshuka upande mmoja.

"Niwe kama yule?" alisema. "Hapana, mama."

Watu wengine walicheka kidogo. Mbazi alishuka kizimbani, akampita baba yake karibu sana hata bega likagusana na bega, akatoka nje kwa mkewe bila kugeuka. Kajiru alimsindikiza kwa macho. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho ili mwanawe abaki na kichwa chake kizima, na kile kichwa kizima kilikuwa kimeamua kumdharau. Hakuweza kulalamika. Ndicho alichokuwa amekiombea.

Temu alivuta kitambaa cha mfuko wa koti la harusi, akampa, na hakusema lolote la kuchekesha, jambo ambalo lilimtia Kajiru hofu kuliko yote ya siku ile.

Kule mbele daktari alikuwa akikunja nyaya zake. Macho yalikuwa mekundu. Kajiru alimwendea. Alitafuta ile dharau yake ya zamani, iliyokuwa kubwa kuliko zote, akakuta chungu chake kikiwa na nyingine ndogo ndogo za watu wengine, lakini ya daktari haimo.

"Nisamehe, mzee wangu," daktari alisema. "Kwa yale maneno."

"Nilikuomba mwenyewe."

"Sikujua kwamba ni mtani wako."

"Ulijua. Ulikuwa umesahau kwamba unajua."

Daktari aliifunga kofia ya nyaya ndani ya sanduku. "Jioni wanakuja kuchukua funguo. Nitarudi Songea."

"Una akiba ya dawa?"

"Kidogo. Ya wiki chache, labda. Lakini haimsaidii mtu kwa ghadhabu, tumeona sote."

"Sikuulizia ghadhabu," Kajiru alisema. Alijipangusa uso kwa kitambaa cha Temu, na machozi mengine yakaja juu ya yale. "Naenda kula kwanza. Usifunge kabla sijafika."